Mbegu ni ya Baba

Kijijini Mahurunga waliniita daktari wa mipapai. Mwanzoni nilinuna. Nimesoma mpaka macho yameishia kwenye miwani, nimekula mkate mkavu nchi za watu, halafu mama mmoja ananiletea mtoto mwenye homa, nikimwambia mimi si daktari wa watu anawageukia wenzake: "Ala! Kumbe huyu ni wa mipapai!" Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Baadaye nikazoea, nikawa najitambulisha hivyo mwenyewe, maana maelezo marefu yaliwachosha wao na mimi pia.

Maelezo marefu ni haya. Mimi ni mtu wa biolojia, na kazi yangu ni kuchunguza jinsi dume na jike walivyoanza kuachana njia katika vinasaba, na kwa nini. Niliuchagua mpapai kwa sababu wenyewe bado haujafika mbali katika safari hiyo. Sisi binadamu tulishaachana zamani mno. Ile kromosomu ya kiume tuliyobaki nayo wanaume imezeeka, imechakaa, imepoteza karibu kila ilichokuwa nacho. Ya mpapai bado changa. Unaona kabisa mahali ambapo kipande kiligeuka kichwa chini miguu juu, kikakataa kuchanganyika na mwenzake, na udume ukaanzia hapo. Nilimweleza mke wangu jambo hili siku moja tukila, akasema, "Kwa hiyo mwanaume ni mgomvi tangu kwenye mbegu." Nilicheka sana. Nimeandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo na hakuna hata mmoja unaousogelea muhtasari wake.

Nimesema mke wangu. Ulimi bado haujakubali.

Nilimkuta kwenye duka la pembejeo Mtwara mjini, yeye akiuza, mimi nikitafuta viriba vya kukuzia miche. Nikamwambia nataka viriba vingi. Akaniuliza nalima wapi. Nikasema silimi, nachunguza. Akaniangalia kuanzia viatu hadi miwani, akasema, "Basi wewe utanunua bei ya mwenye kuchunguza," akanipandishia bei mbele ya macho yangu. Nilirudi tena wiki hiyo hiyo, na viriba nilikuwa navyo tele.

Kwao ni Mahurunga, bondeni, karibu na mto Ruvuma, ambako watu hulima mpunga huku wakitukanana na viboko. Ni Wamakonde Waislamu. Sisi ni watu wa kuja: baba yangu aliletwa Mtwara na kazi ya bandari, mama yangu alifundisha shule ya msingi, na Jumapili tulikuwa kanisani na soksi nyeupe. Tukafunga ndoa bomani ili asikasirike mtu, na kwa kweli hakukasirika mtu. Mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye aliyemtoa. Nilishangaa kidogo baba mzazi ameketi pembeni anatabasamu tu kana kwamba na yeye ni mgeni mwalikwa. Ningetakiwa kushangaa zaidi ya pale.

Kwetu bara ukoo ni wa baba. Mwanamke akizaa wasichana mfululizo huanza kuulizwa maswali, kwanza kwa macho, halafu kwa midomo. Kwao ni kinyume chake. Ukoo unapita kwa mama. Mtoto wa kiume ni mzuri, atapendwa, atapewa jina, lakini watoto atakaozaa watakuwa wa ukoo wa mke wake. Anayeendeleza nyumba ni binti. Na mke wangu ndiye binti aliyebaki. Mama yake alizaa wavulana na wasichana wawili, mmoja wa wasichana akafariki angali mdogo. Mama mkwe mwenyewe dada zake walishatangulia bila kuacha wa kike. Kwa hiyo ukoo mzima, na jina la bibi yao aliyevuka mto zamani kutoka Msumbiji akiwa na mtoto mgongoni, ulikuwa unasubiri tumbo la mke wangu. Mimi nililijua hilo. Nililijua kama ninavyojua mambo ya vitabuni.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa wa kiume. Mama yangu alipiga vigelegele kwenye simu mpaka nikaiweka mbali na sikio. Mama mkwe akasema, "Alhamdulillahi, kafungua njia." Wa pili, wa kiume. Mama yangu akasema, "Sasa naweza hata kufa." Mama mkwe akasema alhamdulillahi, akanyamaza. Wa tatu alipozaliwa, mama mkwe alimwogesha, akamfunga vizuri, akampakata, akampikia mzazi uji wenye pilipili manga. Halafu akatoka nyuma ya nyumba. Nilikwenda kumwaga maji nikamkuta amesimama kwenye mpapai, anajifuta macho kwa upindo wa kanga. Aliponiona akasema moshi wa jikoni umemwingia. Jikoni hapakuwa na moto.

Ule mpapai nao una habari yake, iliyoanza kabla ya mtoto huyo. Ulikuwa dume, na mama mkwe alikuwa ameupigilia msumari shinani. Ndivyo watu wanavyofanya: mpapai ukitoa yale maua ya vikonyo virefu vinavyoning'inia, unapigiliwa msumari ili uogope, ugeuke jike. Kuna wakati dume hutoa vijipapai vichache vyembamba vyenyewe tu, basi sifa zote zinakwenda kwa msumari. Nilimtania mama mkwe juu ya msumari wake kwa muda mrefu. Akanijibu, "Basi wewe uliyesoma, nionyeshe wako."

Nikamwonyesha. Alikuwa na miche shambani, mitatu mitatu kila shimo, maana mpapai ukiwa mchanga hakuna ajuaye ni dume au jike mpaka utoe ua, na kufikia hapo umeshaulisha mbolea na kuunywesha maji bure. Nilichuma kipande cha jani kwa kila mche, nikafunga alama, nikaenda navyo maabara. Niliporudi nikamwambia huu ng'oa, huu acha, huu ng'oa. Hakung'oa. Mjanja yule! Aliiacha yote, akafunga kitambaa kwenye kila mche nilioutaja kuwa dume, akangoja. Ilipotoa maua, kila mche wenye kitambaa ulikuwa dume. Alinipigia simu mwenyewe, hajawahi kunipigia. "Baba," akasema, "nimeng'oa msumari."

Sijawahi kupata sifa tamu kuliko hiyo, na nimepata sifa kwenye kumbi zenye viyoyozi.

Tangu hapo akawa mwanafunzi wangu. Nikifika Mahurunga, kabla sijanywa maji, maswali. Ni nani anayeamua, jike au dume? Nikamweleza nikiwa nimechuchumaa kwenye tuta: jike linatoa aina moja tu, halina la kuamua. Chavua ya dume inatoa aina mbili. Anayeamua ni dume. Akauliza, "Kwa hiyo jike halina kosa?" Nikasema halina hata chembe. Akafikiri. Akauliza tena, "Na mbegu ikinitolea madume kila nikipanda?" Nikamjibu, na nilimjibu huku nikipangusa mikono, "Hiyo mama unabadilisha, unatafuta mbegu kwingine."

Jamani, mdomo huu.

Baada ya mtoto wa tatu kutoka arobaini, wazee wa ukoo waliitana Mahurunga. Mke wangu alinisihi nisiende. "Ni maneno ya kwetu," alisema, "yatasemwa, yataisha, tutarudi zetu mjini." Nikasema siwezi kumwacha mke wangu asemwe kama hana mtu. Akasema, "Basi twende, lakini kaa kimya." Nikaahidi. Mimi! Mtu ambaye hata msibani nawasahihisha watu Kiswahili.

Tuliketi kwenye mikeka, ming'oko, ile mizizi ya porini, imechemshwa imewekwa kwenye sinia, watoto wametumwa mbali. Mjomba alikuwa mtu mpole, hapandishi sauti, anaongea huku akivunja kijiti vipande vidogo vidogo. Alisema tumekutana kwa heri, tunashukuru Mungu kwa wajukuu, lakini nyumba inataka mtu wa kuirithi. Kisha akawaachia wanawake. Hapo ndipo yakaanza. Mmoja akasema binti alitolewa unyagoni haraka kwa ajili ya shule, hakumaliza kufundwa, sasa ndiyo haya. Mwingine akasema anapanda sana pikipiki. Mwingine akasema huenda amefungwa tumbo la kike na mtu mwenye kijicho. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, mtoto anamnyonya, na kidole chake kinachora kwenye ukindu wa mkeka, huku na huku.

Nikasimama. Nikasema samahanini wazee wangu, shikamooni tena, lakini haya mnayosema si kweli na ni dhuluma. Nikasema mwanamke hana kosa. Nikatoa lile somo lote la shambani, sasa kwa binadamu: mama anatoa aina moja tu, kila siku, kila mwanamke, aliyefundwa na asiyefundwa. Mbegu ya baba ndiyo yenye aina mbili. Mbegu ya baba ndiyo inayosema huyu wa kiume, huyu wa kike. Nikahitimisha kwa kishindo, "Kama mnatafuta aliyesababisha wavulana watatu, msimtazame yeye. Nitazameni mimi!"

Nikajipiga kifua. Ndiyo, nilijipiga kifua.

Mama mkwe akanong'ona, kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi, "Ni kweli. Hata kwenye mipapai ndivyo ilivyo. Nimeona kwa macho yangu."

Mjomba akaacha kuvunja kijiti. "Kwa hiyo mkwe, ni mbegu."

"Ni mbegu, mjomba."

"Yako."

Nilianza kuona ninakoelekea, lakini gari lilikuwa limeshashika mteremko. Nikasema siyo kwamba yangu ni mbaya, ni bahati tu, nusu kwa nusu kila mara. Nikatoa sarafu mfukoni. Nikasema kichwa ni wa kiume, upande wa wanyama ni wa kike. Bibi mmoja akaruka, "Yaani binti ndiye mnyama?" Nikamwomba radhi, nikasema ni mfano tu, nikarusha. Kichwa. Nikarusha tena. Kichwa. Mwanamke mmoja akaanza kucheka kwenye kanga. Nikarusha ya tatu huku naomba Mungu kimoyomoyo, mimi niliyefundisha madarasa mengi kwamba sarafu haina kumbukumbu. Kichwa.

"Usirushe tena, mkwe," mjomba akasema kwa upole kabisa. "Tumekuelewa. Na umesema wewe mwenyewe, sisi hatukukusemea."

Njiani kurudi, mke wangu alimnyonyesha mtoto mpaka tulipopita kijiji cha Ziwani. Ndipo akauliza, "Ni kweli ulivyosema?" Nikasema ni kweli tupu, na kuanzia leo hakuna atakayekunyooshea kidole. Akasema, "Hakuna," akageukia dirishani. Nilidhani amechoka. Nilikuwa na furaha, ndiyo aibu yenyewe. Nilijiona nimemkomboa.

Hakuna aliyekuja kunigombeza. Waliendelea kunipokea vizuri, kunichinjia kuku, kunifungashia mchele. Mtoto wa tatu alipoacha ziwa, mama mkwe alimwita binti yake asaidie kuvuna mpunga. Akaenda na mdogo, wakubwa wakabaki na mimi kwa ajili ya shule. Nikipiga simu naambiwa mpunga bado. Nikipiga tena, bado. Mpunga gani huo, nikauliza, hata viboko wangekuwa wameshaumaliza! Mke wangu akacheka upande wa pili, halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, simu ikakatika.

Nilikwenda. Mjomba alinipokea, akanipa kiti, akaketi. Akasema, "Sisi na wewe hatuna ugomvi. Wewe ni mkwe wetu mpaka kesho. Lakini mama yake anazeeka, na nyumba haina mtu."

Nikamwambia mjomba, nisikilize, mimi hii ndiyo kazi yangu. Mtoto wa nne anaweza kuwa wa kike.

"Anaweza?"

"Anaweza kabisa."

"Na anaweza asiwe?"

Ningeweza kudanganya hapo. Mwanaume mwingine yeyote angedanganya. Angeapa kwamba anayo dawa, kwamba ameota, kwamba ndugu zake wote wana mabinti. Mimi nikasema, "Anaweza asiwe."

"Basi na sisi," akasema, "twende tukajaribu kwingine."

Nilimwomba nizungumze na mke wangu peke yetu. Tulikaa chini ya ukingo wa paa, mtoto anacheza kati yetu. Alilia, mimi nikapandisha sauti. Nikamuuliza yeye anataka nini. Akasema, "Ninataka wewe, na ninataka mama yangu asife akiwa anahesabu." Nikasema huwezi kupata vyote viwili. Akasema, "Najua, ndiyo maana nalia." Nikiwa na hasira zangu nikamwambia haya, kaa. Yakaenda barazani, yakaenda mahakamani, yakaisha kwa talaka bila mtu kutukanwa. Wakubwa wangekaa na mimi mjini, likizo kwa mama yao.

Mwaka uliofuata akaolewa na fundi baiskeli wa Ziwani, mgane, mtu mstaarabu. Nilipouliza ni nani, shemeji yangu mmoja akajikuna kichwa, akasema marehemu mke wa yule bwana alimzalia mabinti watupu. Walikuwa wamechagua mbegu. Nami niliyewafundisha kuchagua nilikwenda maabara siku hiyo, nikavaa koti langu jeupe, nikakaa mbele ya mashine bila kuiwasha. Mbegu ya yule bwana nayo ni nusu kwa nusu. Mabinti wake ni bahati na wavulana wangu ni bahati. Ningeweza kulithibitisha jambo hilo mbele ya mwanasayansi yeyote duniani, na lisingenisaidia kitu mbele ya mwanamke mmoja wa Mahurunga aliyeng'oa msumari kwa sababu yangu.

Akazaa msichana.

Nilikwenda kuwapeleka wanangu likizo. Ilikuwa asubuhi, watu wamekwenda shambani. Mama mkwe, sijui nimwite nani sasa, alitoka mbio ndani na kitoto kimefungwa kanga mpya, akanitilia mikononi kabla sijaweka begi chini. Alikuwa amekonda, lakini uso wake umefunguka, sijawahi kumwona vile. Amempa jina la yule bibi aliyevuka mto. "Umeona, baba?" akasema. "Ulisema kweli. Wazee wote walikuwa wanamwonea mwanangu, ni wewe tu uliyesema kweli. Mungu akulipe."

Nikakitazama kitoto. Kilikuwa kimelala kinywa wazi. Kuna maneno yalinifikia hapa kooni: mama, huyu angeweza kuwa wangu, na yule bwana angeweza kupata mvulana, ilikuwa sarafu tu. Nikayameza. Nikasema, "Asante, mama." Wanangu wakaniomba na wao wamshike dada yao, wakaanza kugombania zamu.

Mama yao akanisindikiza hadi barabarani kungojea gari. Amenenepa kidogo, kanga imemkaa vizuri. Tuliongea mambo ya shule, viatu, nani anakohoa. Halafu akasema bila kunitazama, "Siku ile kwenye mikeka, nilikuomba unyamaze."

"Walikuwa wanakuonea."

"Walikuwa wananionea. Nilishazoea, ningevumilia, wangesema wee mpaka wangechoka. Mwanamke akilaumiwa anapelekwa kwa mganga, anakunywa dawa chungu, anarudi kwake kwa mume wake." Gari lilikuwa linakuja, akaanza kumpungia dereva asimame. "Wewe ukaichukua lawama. Lawama yako ndiyo iliyokuwa na dawa."

Nilimwambia nilitaka kumtetea.

"Najua," akasema. "Ulinitetea mpaka nikaolewa na mtu mwingine."